Mkulima wa Newala Haumwi Fikra

Kuna fundisho lililoenea mno siku hizi, na kwa kuwa limeenea, watu wengi hawaoni tena haja ya kuliomba ushahidi. Linasema kwamba umaskini unaanzia kichwani, kwamba huzuni ni zao la mawazo hasi, na kwamba ukijizoeza kuwaza mazuri, mazuri yatakujia. Utalisikia kwenye semina za vijana na wajasiriamali, kwenye redio za asubuhi, kwenye vitabu vyembamba vinavyouzwa stendi, mimbarini na madhabahuni, na kwenye ujumbe wa simu unaosambazwa kabla watu hawajapiga mswaki. Limefika Masasi kwenye majabali, limepanda Uwanda wa Makonde mpaka Newala. Mimi nalipinga. Si kweli kuhusu umaskini wa huku, na si kweli kuhusu namna mtu anavyofunguka kutoka kwenye kifungo cha mawazo yake. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo la kwanza nitalimaliza haraka.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho zipatazo tani 145,000, sehemu kubwa ikitoka mikoa hii ya kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kuna misimu ambayo nchi nzima haikufikisha hata tani 30,000. Katikati ya hapo watu walihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na pori. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ukachoma maua kabla hayajafunga tunda. Bei aliyolipwa mkulima nayo ikadidimia hadi kupalilia kukawa hasara. Kisha ikaja dawa ya salfa, soko likafunguliwa, miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele ikasambaa, na msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000. Hapo ndipo ninapomtaka mwalimu wa fikra chanya anijibu kwa hoja. Vichwa vya wakulima wa Newala ni vile vile, na mara nyingi ni familia zile zile na mashamba yale yale. Kilichobadilika ni dawa, bei, na umbali kati ya mtu na mikorosho yake. Anayemwambia mkulima huyu kwamba shida yake iko kichwani anafuta historia ya miaka hamsini kwa sentensi moja, tena anaifuta mbele ya watu walioiishi.

Lakini kuna hoja ambayo wapinzani wa fundisho hili huiogopa, nami siiogopi: mawazo yanayojirudia yapo, na yanatesa. Mtu anaweza kulipwa deni lake lote na bado asilale. Anaweza kuwa na shamba zuri na afya njema, na kila jioni akajihukumu upya kwa kosa la miaka kumi iliyopita. Anayesema haya yote ni uchumi tu, na kwamba bei ikipanda kila mtu atapona, naye hajawatazama watu vizuri. Kwa hiyo kuna vita, na ni vita ya kweli. Ninachobishania ni silaha tunayopewa.

Mfano ni huu: Novemba 2018 wanunuzi binafsi walipotoa bei ambayo wakulima waliikataa, Rais John Magufuli aliamua serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Tatizo likawa malipo. Ulianza uhakiki: shamba lako liko wapi, lina ekari ngapi, mbona kilo zako ni nyingi, usije ukawa wewe ni wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa magendo. Wapo waliolipwa mapema. Wapo walioongoja miezi.

Tumtazame mmoja wa hao walioongoja. Simpi jina kwa sababu ni wengi. Yuko upande wa Kitangari, ni Februari 2019, magunia yamekwisha ondoka ghalani, stakabadhi iko mfukoni mwa shati lililoning'inizwa msumarini, fedha hazijaingia. Ni saa nane za usiku. Amelala chali, macho kwenye bati, na kichwani maneno yanapita kwa mpangilio ule ule wa jana. Ningeuza kwa kangomba mwezi wa tisa ningekuwa na hela. Wenzangu wajanja, mimi mjinga. Mtoto wa dada yangu atarudishwa nyumbani. Mimi mjomba gani? Siku zote mambo yangu ndivyo yalivyo. Kisha yanaanza upya. Katika neno la mjomba mna uzito ambao mgeni hawezi kuusikia: kwa Wamakonde, kama kwa Wayao na Wamakua majirani zao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mambo yakiharibika anayetazamwa ni mjomba. Mtu huyu hawazi hela tu. Anawaza uso wa dada yake.

Sasa mlete mhamasishaji wetu pembeni mwa kitanda hicho. Atamwambia: fukuza mawazo hayo, sema mimi ni mshindi, sema fedha inakuja kwangu, rudia mpaka akili ikubali. Mambo mawili yatatokea, na yote yamechunguzwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe. Walishindwa, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, waliokuwa wamejizuia walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo linalofukuzwa hurudi na nguvu. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti kuhusu watu wanaorudia sentensi za kujisifu. Wale waliokuwa hawajithamini, ndio hasa wanaouziwa dawa hii, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao waliokaa bila kurudia chochote. Haishangazi. Ukimwambia mtu aseme asichokiamini, sauti ya ndani humjibu papo hapo kwa ushahidi wa kinyume, na ushahidi anao mwingi. Saa nane za usiku mkulima wetu atakuwa na mashtaka mawili: la kwanza kwamba ni mjinga, la pili kwamba hata kuwaza vizuri ameshindwa.

Hilo la pili ndilo linalonikera. Fundisho linalodai kumtoa mtu kwenye kujihukumu linamwongezea hukumu. Asipofanikiwa, kosa ni lake: hakuamini vya kutosha, moyoni alikuwa na shaka, alikaa na watu hasi. Mwalimu hashindwi kamwe. Na mtu mwenye huzuni hujifunza kuificha, maana sasa huzuni imekuwa ushahidi wa uvivu wa akili.

Kuna njia nyingine, nayo inaanzia chini ya shingo. Mawazo ya usiku yanafanana na mbwa anayebweka uani: ukimkemea anazidi, ukijifunika shuka anaendelea, na atatulia pale mwenye nyumba atakapotoka kuona alichokiona. Mkulima yule akae kitandani, miguu iguse sakafu. Asibishane na neno lolote linalopita kichwani, wala asilipambe. Aweke kiganja kifuani na aushushe usikivu wake hapo, kwenye kifua chenyewe, apumue taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Si uchawi. Pumzi ndefu ya kutoka huuamsha mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, na mapigo hupungua kasi. Mwili unaopigana hauwezi kusikiliza, unaotulia unaweza. Kisha ajiulize swali dogo: hapa pana nini? Asikimbilie kwa nini, wala nifanye nini.

Jibu la kwanza huwa la mwili. Pamebana. Pana moto. Pana jiwe tumboni. Akikaa nalo bila kulikimbia, lina jina: hofu. Akikaa na hofu, chini yake anaikuta aibu. Wengi huishia hapo, kwa sababu aibu inaunguza na kichwa hukimbilia kuanza tena hesabu zake za kangomba. Lakini akivumilia kidogo, chini ya aibu anakuta kitu ambacho mawazo hayakukitaja hata mara moja: anampenda mpwa wake. Anampenda dada yake. Mzunguko wote ule wa ujinga na ujanja ulikuwa unalinda pendo hilo kwa njia mbaya. Nimesikiliza watu wengi wenye mawazo, wanaume kwa wanawake, na ninaamini kabisa kwamba chini ya wazo baya linalojirudia kuna kitu ambacho mtu huyo anakithamini. Ndiyo maana kulifukuza wazo hakufai kitu. Unamfukuza mjumbe, na ujumbe unabaki mlangoni.

Akishaliona pendo lile, mashtaka hayaishi kwa muujiza. Hupungua sauti. Wazo la kwamba mimi mjinga linabaki wazo tu, halipati tena mafuta. Na asubuhi mtu anaweza kufanya jambo ambalo usiku lilikuwa haliwezekani, yaani kwenda kwa dada yake na kumwambia kwa mdomo wake: fedha hazijaingia, naogopa, tufanyeje?

Nimeambiwa kwamba mambo haya ya kusikiliza moyo yameletwa na watalii na watu wa mazoezi ya viungo, hayatuhusu. Huku ni kutojijua. Ukanda huu una historia ndefu ya taratibu za kumrudisha mtu moyoni, na hakuna hata moja iliyoanza kwa kumwambia awaze mazuri.

Tuanze na zikri. Mwaka 1908, Vita vya Majimaji vikiwa vimekwisha karibuni na njaa iliyofuata ikiwa bado mbichi kwenye kumbukumbu za watu, ilienea Lindi na bara yake barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwaonya Waislamu warudi kwa Mungu kwa kuwa mwisho umekaribia. Watu wakamiminika kwenye zikri. Maofisa wa Kijerumani wakashtuka, wakadhani uasi mwingine unapikwa. Barua yenyewe ina historia yake, siingii humo. Ninachokitazama ni watu waliopoteza ndugu kwa risasi na kwa njaa, wamesimama bega kwa bega usiku, wanalitaja jina la Mungu kwa pumzi inayotoka kifuani mpaka mwili mzima unaingia kwenye mwendo mmoja. Twarika ya Kadiria ikapata wafuasi wengi kusini hii, na wasomi wa dini walikuwa na msingi: karne nyingi kabla, Imamu Ghazali alikwisha andika kitabu kizima juu ya maajabu ya moyo, akiueleza kuwa ndipo mahali mtu anapojijua na kumjua Mola wake. Wajerumani waliona siasa. Mimi naona watu waliokuwa wamevunjika wakitafuta pa kuanzia, na hawakuanzia kwenye maneno ya kujisifu.

Kwa Wakristo wa Masasi mambo yalikwenda njia nyingine yakafika karibu pale pale. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza hapo mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani. Miaka hamsini baadaye Masasi ikawa dayosisi, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, aliyekaa mpaka 1944, alifanya jambo lililowashangaza wamisionari wenzake: hakulipiga jando marufuku, aliliingiza kanisani. Kulikuwa na ubishi mkubwa, na mengine katika alichokifanya yanaweza kulaumiwa. Wazee wengine waliona ameliteka. Lakini alielewa kitu ambacho semina zetu hazikielewi. Kijana aliyekuwa kumbini hakuwa anajazwa sentensi. Alikuwa anaumia, anaogopa, anaimba, na pembeni yake yuko mtu mzima aliyepewa kazi ya kuwa naye. Msichana aliyechezwa unyago alitoka na somo wake, mtu wa kumwendea kwa lile lisilosemeka kwa mama. Na ndani ya kanisa lenyewe palikuwa na kitubio, mtu anapiga magoti na kulitaja kwa sauti lile linalomla ndani.

Sisemi jando na unyago havina makosa. Wapo wasichana waliotoka ndani wakaacha shule wakiwa watoto, na wapo makungwi waliotumia nafasi yao kutisha. Hayo yakemewe, na yanakemewa. Ila tukiitupa taratibu yote, tuseme pia tunaweka nini mahali pake. Kwa sasa tunaweka kipaza sauti na mtu wa suti kutoka mjini.

Kisha kuna matanga, ambayo hayahitaji mwanahistoria. Nenda msibani Newala au Masasi. Wanawake wamekaa chini mkekani, miguu imenyooshwa, wamemzunguka mfiwa. Mmoja ameshika mkono wake. Muda mrefu unapita bila neno. Kilio kinapanda, kinapokelewa, kinashuka. Hakuna anayemwambia mfiwa atazame upande mzuri wa jambo; akitokea wa kusema hivyo ataonekana hana adabu. Tunajua kabisa, mfu akiwa ndani ya nyumba, kwamba moyo uliojaa unahitaji nafasi na watu kabla ya ushauri. Mbona tunalisahau hilo tunapomkuta mtu aliyefiwa na msimu, na ndoa, na matumaini yake ya kumsomesha mtoto?

Wapo watakaoniletea Nabii Yeremia na onyo lake kwamba moyo ni mdanganyifu. Onyo ni la kweli, nami nalikubali. Kusikiliza si kutii. Mtu akisikia hasira moyoni, haina maana achukue panga. Maana yake ajue ana hasira, ajue imetoka wapi, ndipo aamue kwa akili timamu. Moyo unaomdanganya mtu zaidi ni ule ambao hajawahi kuukagua. Huo humwendesha akidhani anatumia kichwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa rafiki zangu wa ushirika na wa siasa. Wanasema: unawatuliza watu wenye haki ya kukasirika. Mtu akikaa kitandani na mkono kifuani, nani atadai malipo? Nimelifikiria sana hili, maana kama wangekuwa sahihi ningeachana na hoja yangu yote. Januari 2013 Masasi iliwaka kwa ghasia. Magari na majengo yakachomwa, watu wakafa. Hasira ilikuwapo tele siku ile, na ilikuwa na sababu zake, lakini sijaona mkulima aliyelipwa na moto ule. Kwa upande mwingine, ninayemwona akikaa kimya kwenye mkutano wa chama cha ushirika cha msingi (AMCOS) ni yule aliyeshiba fundisho la fikra chanya. Ameaminishwa kwamba uchelewesho ni matokeo ya mtazamo wake, kwa hiyo anaona haya kuuliza. Aliyekwisha itambua hofu yake hana haya hiyo. Anajua anachokipigania, jina la mtoto analo, na anaweza kusimama mbele ya mwenyekiti na kumwita kwa heshima zote, mzee wangu, naomba kitabu cha mizani kifunguliwe tuone kilo zangu, bila matusi na bila kutetemeka. Utulivu wa moyo haumpunguzii mtu madai. Unampa sauti ya kuyasema.

Na niseme wazi kuhusu mpaka wa hoja hii. Mtu ambaye hali wala halali kwa wiki nyingi, anayesikia sauti, au anayefikiria kujiua, asiambiwe ashike kifua apumue. Apelekwe hospitali, Mkomaindo au Ndanda au iliyo karibu, na asiende peke yake. Anayemwambia mtu huyo awaze chanya anacheza na roho ya mtu.

Kwa walio wengi, wale wenye mawazo ya saa nane za usiku, kinachohitajika si kigumu. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wenye mawazo mengi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi anasikiliza kwanza, mpaka mtu amalize. Ndipo wanachagua pamoja tatizo moja la kushughulikia, moja tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miezi sita baadaye waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi bibi tunao. Makungwi tunao, wake kwa waume, wenye miaka mingi ya kuwasikiliza vijana. Masheikh wa zikri tunao, mapadri wa kitubio tunao, na zahanati zina viambaza vyenye kivuli.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za Masasi na Newala, na vyama vya ushirika vinavyokaribisha wazungumzaji msimu ukikaribia, ziache kulipia semina za kubadili mtazamo. Fedha hizo ziwalipie mafunzo wazee na makungwi watakaokaa kwenye benchi, na usafiri wa mgonjwa anayehitaji daktari. Na kama lazima semina iwepo, basi saa ya kwanza wasikilizwe wakulima wenyewe, waseme kinachowanyima usingizi, na kabla mgeni hajashika kipaza sauti mwenyekiti awe amekwisha jibu mbele yao kama korosho za msimu uliopita zimelipwa zote.